Nyota ya Miguu Saba

Sehemu ya Saba

Niliwaacha nimekodoa macho mbele ya kompyuta, kahawa imepoa mkononi, natazama picha ya glavu moja ya mkono wa kushoto iliyotundikwa kwenye tawi la mti.

Wengi mmenitukana wiki hii. Mmeuliza, "Maie, wewe ni mama wa namna gani?" Mna haki. Ila matusi msiyamalize, maana ya leo ndiyo yatakayoyahitaji.

Kwa asiyenijua: mimi ni mkutubi mstaafu wa mji huu wa Haapsalu, mjane, na nina ugonjwa mmoja tu, mtandao. Kila Alhamisi naandika ukurasa wangu, Sanduku la Vifungo, ninamoweka vikorokoro nilivyookota huko. Bwana mmoja wa Uswisi aliyerekodi mlio wa kila friji aliyowahi kulala nayo nyumba moja. Barua ya mwaka 1911 ya kumshitaki bata bukini. Picha za viti vilivyosahauliwa ufukweni. Watu mia nne na kumi na mbili wananisoma. Wajane wengine wanafuga paka, mimi nafuga hayo.

Na ugonjwa huo ndio ulionitenga na binti yangu wa pekee, Kerli.

Kerli alimkimbia mumewe Tarvo baada ya kuvunjwa mfupa wa bega kwa mlango. Alijificha mji wa Pärnu na mtoto wao, Mirtel. Mimi nikaweka kwenye ukurasa wangu picha ya keki ya Mirtel, kwa sababu ilikuwa na umbo la treni na ilinichekesha. Nyuma ya keki kulikuwa na dirisha. Nje ya dirisha, mnara wa maji. Tarvo alifika siku ya tatu. Majirani waliwahi kuingia, mahakama ikampa karatasi ya kumkataza kuwasogelea, na Kerli akahama tena, safari hii bila kuniambia anakokwenda.

Alinipigia simu mara moja tu.

"Mama, nakupenda. Lakini huna kufuli mdomoni, wala vidoleni. Usinitafute."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwanangu.

Ilipita miezi kumi na minne. Halafu ndipo nikaiona ile glavu.

Kwetu ukiokota glavu barabarani huendi nayo nyumbani. Unaitundika kwenye tawi au kwenye ua, juu ya theluji, ili mwenyewe akirudi aione. Ndivyo tulivyolelewa. Kuna Mfini mmoja anayekusanya picha za glavu hizo, anazo elfu tatu na ushei. Nilikuwa nazipitia moja moja, kwa ajili ya ukurasa wangu, ndipo ya elfu mbili mia sita na kumi na moja ikanipiga kofi.

Niliifuma mimi. Nyota za miguu minane, nyeupe juu ya bluu, na pindo la kijani kwa sababu uzi wa bluu uliniishia Krismasi ile na maduka yalikuwa yamefungwa. Hakuna glavu nyingine duniani yenye pindo lile. Nilimpa Kerli kwa mikono yangu.

Kwa hiyo Kerli alikuwa hai, alitembea mahali fulani penye mti, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unaona baridi.

Nililia mpaka jirani yangu Kaljo akagonga ukuta.

Nilimwandikia yule Mfini. Akanijibu kwa adabu kwamba picha hutumiwa na watu bila majina wala mahali, na ndivyo anavyopenda yeye, ziwe fumbo. Nikamtukana kwa Kifini cha dukani. Kisha nikakaa, nikawaza, na hapo ndipo shetani aliponivutia kiti.

"Nitaiweka kwenye Sanduku," nilimwambia Kaljo alipoingia na mkate wake mweusi na samaki wake wa chumvi.

Kaljo alikuwa dereva wa treni enzi ambazo mji wetu ulikuwa na treni. Haamini kitu kisichopita juu ya reli.

"Uweke nini?"

"Picha. Sitamtaja Kerli. Nitajifanya natafuta nakshi. Mtu ataijua, ataniambia ilipigwa wapi."

"Maie." Aliweka samaki mezani. "Hukujifunza kwa keki?"

"Keki ilikuwa na dirisha. Hapa kuna tawi tu. Tawi lina anwani?"

"Halina. Ndiyo maana unalitafutia."

"Wewe huna mtoto, Kaljo. Huwezi kujua."

Lilikuwa neno baya, nalijutia hadi leo. Alichukua kofia yake. Samaki wake akawaacha mezani.

Alhamisi nikaandika: Nani anaijua glavu hii? Natafuta kiri yake.

Lugha yetu ni bahili wa maneno, msomaji. Nakshi ya glavu tunaiita kiri. Na barua nayo tunaiita kiri. Bibi zetu walisema ni kitu kimoja, kwamba mwanamke asiyejua kuandika aliandika kwa sindano. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilitafuta barua nikijifanya natafuta nakshi, na nani angejua?

Majibu yalimiminika. Mmoja alisema ni ya kisiwani kwao. Mwingine akamwambia kisiwani kwao hawajui kufuma hata soksi ya mbuzi. Wakatukanana siku mbili, nikafurahi, maana ukurasa wangu haujawahi kuchangamka hivyo.

Kisha akaja Luule.

"Dada Maie, nimekaa na picha hii tangu asubuhi," aliandika. "Mimi ni mjane, naishi mji wa Rapla, nafuma tangu nina miaka sita. Mkono uliofuma hivi ni mkono wenye upendo. Ni wako, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Kwa nini nisiseme? Hakuna mwingine aliyeuliza.

Tangu siku hiyo Luule aliniandikia kila asubuhi. Umelalaje, dada Maie? Umekula? Magoti yanasemaje leo na baridi hii? Mume wangu Heldur alikufa miaka tisa iliyopita, na tangu afe hakuna binadamu aliyeniuliza nimelalaje. Nilikuwa naamka saa kumi na mbili kumsubiri.

Sikumwambia habari za Kerli. Nilijizuia, nakuapieni. Nilimwambia tu kwamba glavu ile niliifumia mtu niliyempoteza.

"Basi tutampata," aliandika. "Sisi wawili."

Jumatatu ikaja barua nyingine, fupi, kwenye kompyuta.

"Mama, nasikia unauliza habari za glavu. Picha ni yangu mimi. Niliiokota mbele ya duka langu hapa Antsla, nikaitundika kwenye mti wa mbele, na mpaka leo ipo, mwenyewe hajatokea. Ukiitaka njoo, mtaa wa stesheni, duka lenye benchi la kijani. Evi."

Antsla! Huko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Latvia, mji ambao ukipiga chafya mbele ya duka nyumba ya mwisho wanakuambia afya njema. Niliisoma barua hiyo mara ishirini. Nikamjibu Evi nikimwomba aiache glavu pale pale, nakuja Jumatano. Nilitaka kumuuliza kama anamwona mwanamke mwembamba mwenye mtoto wa nywele nyekundu. Vidole vikagoma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu vidole vyangu viligoma, nikajisifu kwa hilo.

Antsla sikuiandika kwenye ukurasa. Sikumwambia mtu.

Ila Luule alikuwa si mtu tena, alikuwa Luule.

"Nimempata aliyepiga picha," nilimwandikia. "Siwezi kusema wapi."

"Usiseme!" alijibu. "Furaha yako yanitosha. Ila naomba kiri, dada yangu, nami nifume ya kwangu."

Nikachukua karatasi ya miraba, nikamchorea nyota zote, kila moja miguu yake minane, mstari kwa mstari, jioni nzima. Nikaipiga picha nikamtumia.

Jibu lilikuja pale pale.

"Ha ha ha! Dada Maie, wewe na mimi tumezeeka. Nakshi nimeshukuru, lakini nilimaanisha kiri ile nyingine, ya huyo aliyepiga picha. Nataka kumshukuru kwa niaba yako. Watu wa kuitundika glavu ya mwenzao wamebaki wachache."

Nilicheka peke yangu jikoni. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Lugha yetu hii jamani! Nikaipeleka ile barua ya Evi kama ilivyo, na mtaa wake, na benchi lake la kijani, na jina la mji. Nikaandika chini: Siri yetu.

"Kaburini," akajibu Luule.

Kisha akaongeza: "Nimeipenda hata ile nyota yako yenye miguu saba. Inaonyesha ni kazi ya mtu, si ya mashine."

Nikaenda kulala nimefurahi.

Jumatano asubuhi nilikwenda kumgongea Kaljo. Gari lake lilikuwa limetoka kwa fundi jana yake, na mimi sina gari wala aibu.

"Umekuja kuchukua samaki wako?" aliuliza bila kufungua mlango wote.

"Nimekuja kuomba msamaha na kuomba lifti."

"Kipi kwanza?"

"Lifti. Msamaha tutaongea njiani, ni mbali."

Alinitazama. Akavuta buti zake.

Theluji ilikuwa imelala pande zote mbili za barabara, na Kaljo anaendesha gari kama anaendesha treni, katikati na bila kumjali mtu. Nilimwambia yote. Alinisikiliza hadi Pärnu bila neno, na nilipomaliza akasema, "Yule Mfini ana picha elfu tatu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Masikini." Nikajua amenisamehe.

Nikaanza kumsomea barua za Luule, ili aone kwamba sikosi rafiki. Umelalaje. Umekula. Magoti. Kaljo alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu kidogo.

"Anakubembeleza huyo. Ana umri gani?"

"Wivu huo, Kaljo."

"Soma."

Nikasoma ya mwisho. Nyota yenye miguu saba, kazi ya mtu, si ya mashine.

"Miguu saba ni nini?"

"Kosa langu. Nafuma huku natazama kompyuta. Kila nikifika kwenye kidole gumba kuna kitu cha ajabu kimetokea mtandaoni, nainua macho, napoteza hesabu. Chini ya gumba, upande wa kiganja, nyota moja ina miguu saba badala ya minane. Glavu zangu zote ziko hivyo. Kerli alikuwa anasema hiyo ndiyo sahihi yangu."

Tulipita basi, tukapita shamba.

"Upande wa kiganja," alisema.

"Eee."

"Nionyeshe hiyo picha."

Nikamwonyesha kwenye simu. Alipunguza mwendo, akaitazama, akanirudishia.

"Maie. Hiyo picha inaonyesha mgongo wa glavu. Kiganja kimegeukia mti."

Sikuelewa mara moja. Nataka mjue hivyo. Nilikaa na ile simu mkononi natafuta kiganja kwenye picha, naikuza, naigeuza, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu anageuza simu apate kuona nyuma ya glavu.

"Basi aliiona kwenye mchoro," nilisema. "Nilimtumia mchoro."

"Ulichora kosa lako kwenye mchoro?"

Sikulichora. Nani anachora kosa lake?

"Basi huyo mwanamke," Kaljo alisema polepole, "amewahi kuishika glavu hiyo mkononi."

Na hapo nikamkumbuka Tarvo mezani kwangu, Krismasi ile ile ya uzi kuisha, amevaa glavu ya mkewe kichwani kama kofia, anawachekesha wageni. Akaivua, akaigeuza, akaweka kidole chini ya gumba. "Tazameni! Mama mkwe alikuwa amelewa! Hii ina miguu saba!" Wote tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Nilimshika Kaljo bega.

"Kaza mwendo," nilimwambia Kaljo. "Kaza mwendo, Kaljo, kaza!"

Nikapiga namba ya dharura. Akapokea dada mwenye sauti tulivu.

"Binti yangu yuko hatarini, Antsla. Mumewe amejua aliko. Kuna karatasi ya mahakama."

"Sawa mama. Anwani ya binti yako?"

"Sijui."

"Jina lake?"

Nikamtajia. Nikasikia anabonyeza.

"Hakuna mtu wa jina hilo Antsla, mama. Inawezekana anatumia jina lingine?"

"Inawezekana."

"Lipi?"

"Sijui."

"Namba yake ya simu?"

"Hakunipa."

Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, sasa gari tulitume wapi?"

Nikamwambia duka lenye benchi la kijani, mtaa wa stesheni. Nilikuwa na hilo tu. Mimi mama mzazi nilijua kile kile nilichomwambia Tarvo, na wala si zaidi.

Nilimwandikia Evi kwenye simu: Itoe glavu mtini! Usimpe mtu! Hakujibu. Nikamwandikia Luule pia, sijui nilitaka nini. Niliandika, "Tarvo, nakuomba." Alama ikaonyesha ujumbe umesomwa.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu ana jina na ana miaka minne, anapenda treni.

Tulifika saa saba na nusu mchana. Benchi la kijani nililiona mbali, na mti, na matawi yake yote. Nilishuka kabla gari halijasimama, nikaanguka kwenye theluji, nikainuka.

Tawi lilikuwa tupu.

Ndani ya duka mama mnene mwenye aproni alikuwa anapanga jibini. Alinitazama theluji magotini akatabasamu.

"Wewe ndiye mama Maie! Umechelewa, mama. Lakini usihuzunike, glavu imempata mwenyewe!"

"Nani?" nilisema. "Mwanamke? Mwembamba?"

"Hapana, mumewe. Alikuja jana mchana. Kijana mstaarabu kweli, siku hizi huwapati. Alivua kofia mlangoni."

Kaljo alikuwa ameingia nyuma yangu. Alinishika kiwiko.

"Ukampa?" aliuliza.

"Sikumpa hivi hivi!" Evi alikasirika kidogo. "Mimi si mtoto. Ulishaniandikia niiache, nikamwambia glavu hii ina mtu anaifuata, nitajuaje ni ya mke wako? Akacheka. Akasema, mama, bila kuigusa nakuambia, igeuze, chini ya kidole gumba kuna nyota yenye miguu saba, mama mkwe wangu hajui kuhesabu. Tukatoka wote, tukaigeuza pale pale mtini. Nikahesabu kwa kidole. Saba!"

Alihesabu tena hewani, moja hadi saba, akafurahi upya.

"Ningefanya nini zaidi ya hapo?"

Hakuna. Hakuna zaidi ya hapo angefanya. Hata mimi ningempa.

"Aliuliza mkewe anakaa wapi?" nilisema.

"Hakuuliza, masikini. Alisema wamegombana kidogo, mke ameondoka na mtoto, binti mwenye nywele nyekundu, naye amekuja kuomba radhi ila anaona haya. Machozi yalimlengalenga. Ndipo akili yangu ikafunguka, nikasema, kumbe ni yule Maarja wetu! Yule mkimya, ananunua uji wa semolina na hataki kupigwa picha. Nikamwambia mwenyewe. Nyumba ya njano, ya mwisho, ukipita kiwanda cha mbao. Nikamchorea na ramani."

Akatutazama mmoja mmoja. Tabasamu likaanza kumtoka.

"Jamani, kwani vipi?"

Sikuwa na nguvu za kumchukia. Ningemchukia vipi? Alipenda kusaidia, alikuwa na mdomo usio na kufuli, na alijivunia akili yake. Nilikuwa najitazama kwenye kioo chenye aproni.

Kaljo alikuwa ameshapiga simu ya dharura, anataja nyumba ya njano, kiwanda cha mbao. Gari la polisi lilikuwa limekwishatoka mji wa Võru, dakika ishirini tena.

"Ni mbali gani?" alimuuliza Evi.

"Kilomita mbili. Nitawaonyesha, ngoja nifunge..."

Na simu yangu ikaita.

Namba sikuijua. Niliitazama tu. Kaljo akapaza sauti, "Pokea!"

"Mama?"

Miezi kumi na minne. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kidogo, au labda alikuwa analia.

"Kerli," nilisema. "Kerli, nisikilize..."

"Hapana, mama, nisikilize wewe kwanza, nikinyamaza sitaweza tena. Nimerudi kazini sasa hivi nimeikuta. Nimeikuta glavu kwenye kitasa cha mlango. Nilikuwa nimeipoteza tangu mwaka mpya, nilihuzunika, mama, mtu anawezaje kuhuzunikia glavu? Nikaingiza mkono, nikapapasa ile nyota yako. Nikajua umefika. Nani mwingine angejua ni yangu?"

"Kerli..."

"Nilikasirika kidogo, nisikufiche. Nikasema, huyu mama amenitafuta tena. Halafu nikaona hukugonga. Umeitundika tu ukaondoka, kama tunavyofanya. Hukunilazimisha. Mama, sijawahi kukuona unafanya jambo kimya hivyo." Alicheka huku analia. "Nimekusamehe. Nimekusamehe yote, hata keki."

Msomaji, nimelisubiri neno hilo kila siku ya Mungu. Nililifanyia mazoezi nitakavyolijibu.

"Funga mlango," nilisema. "Kerli, funga mlango sasa hivi!"

"Nini? Mama, hapa mtandao mbaya, unakatika."

"Funga mlango! Siyo mimi!"

"Unasema mlango? Ndiyo, nimeuacha wazi, usijali. Najua hujaenda mbali, nimeona nyayo kwenye theluji zinazunguka nyumba. Huwa naweka makomeo matatu, leo nimeyatoa yote. Ingia tu. Nimeweka viazi jikoni."

Kaljo alikuwa ananivuta kuelekea kwenye gari. Evi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, sasa, wakati hauhitajiki tena kushikwa.

"Kerli! Ni Tarvo! Ni Tarvo!"

"Sikusikii, mama. Ngoja, umefika? Mirtel! Mirtel, mlango huo, bibi amekuja!"

Nikasikia miguu midogo inakimbia juu ya mbao. Nikasikia mjukuu wangu anaimba jina langu njia nzima, bibi, bibi, bibi. Nikasikia bawaba za mlango, na upepo ukiingia ndani ya nyumba nisiyowahi kuiona.

Wimbo ukakatika.

Kisha sauti ndogo ikasema, kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa kuongea na wageni:

"Wewe si bibi."